Trei ya Tope

Siwema aliweka mezani kwa Dokta Mbelwa fomu ya kuomba kusamehewa somo, na juu yake daftari lake la shahada ya kwanza kama ushahidi. Wiki tatu za uzamili, na kila kilichofundishwa kuhusu udongo kilikuwa tayari humo, hadi michoro.

"Nisainie, mwalimu. Nikisamehewa namaliza muhula mmoja mapema. Mwanangu ana miaka miwili, ameshaanza kumwita bibi yake mama."

"Hiyo hoja nzito, mama." Dokta alichukua kalamu, akafunua daftari kwa mazoea tu, kisha akasita kwenye pambizo moja. "Hapa umeandika: mbona tope likikauka linapasuka kwa pembe, si ovyo ovyo? Ulijibiwa?"

"Sikuuliza. Darasa zima lingenicheka."

"Na sasa unajua?"

Siwema alilivuta daftari, akapekua kurasa zilizofuata; jibu halikuwamo. Kwenye mtihani wa somo hilo alikuwa amepata alama A.

"Nasaini, usijali," Dokta alisema. "Ila kuna trei ya tope niliyoiloweka juzi kwa ajili ya darasa la leo."

Trei ilikuwa dirishani, jua likiipiga. Siwema aliisogelea kuangalia tu, mkoba ukiwa begani. Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umeanzia ukingoni, ukatambaa hadi katikati, ukaishia hapo.

"Fomu yako tayari, mama."

Siwema hakugeuka; aliinama zaidi, pua karibu iguse tope. Ufa ulikuwa umeanza kutambaa tena, na sasa ulikuwa unakata kona.