Jitu Lililochechemea

Serikali hii naijua tangu enzi za virungu. Siku hizi inatutawanya kwa majitu ya chuma yanayofuata mwendo wa waendeshaji wake, watoto wa miaka kumi na tano wanaochukuliwa kwa amri.

Jana, kwenye maandamano yetu mtaani Kurohama, likatokea jitu linalochechemea mguu wa kushoto kama binti yangu. Nikashusha bango.

"Chinatsu, shuka ukale."

Kipaza sauti cha jitu kikakohoa. "Mama, usiniaibishe mbele za watu."

"Wali unapoa."

Jitu likapiga magoti, Chinatsu akashuka. Mtaa mzima ukashusha pumzi. Alikula bakuli mbili, nami nikalala usingizi mnono.

Asubuhi redio imetangaza umri mpya wa kuyaendesha majitu: miaka kumi. Mdogo wake Chinatsu aliitimiza juzi.