Mguu wa Mama Tunu

Sheria inamtaka mzazi alale kando ya mtoto anayepasuliwa uti wa mgongo, mishipa yao ya fahamu ikiwa imeunganishwa kwa waya. Mashine ikichochea ubongo wa mtoto, kidole gumba cha mguu wa mzazi hucheza. Kisipocheza, daktari lazima aache, maana miguu ya mtoto inapooza.

Uvimbe wa Tunu wangu ulikuwa umebaki kipande kidogo tu kidole changu kilipotulia.

"Mama Tunu, kimecheza?" daktari aliuliza.

Nilitaka utoke wote. Nikakichezesha mwenyewe. "Kimecheza. Malizia, daktari."

Tunu hajatembea tangu siku ile. Sasa uvimbe umerudi, umepanda shingoni, na mikono iko hatarini.

"Mama, ulale wewe tena, siyo baba," ananiambia. "Baba ana papara. Wewe ulinisikilizia vizuri."

Nimeshasaini fomu ya kulala kando yake.