Benedikta Anaachia Kamba

"Usizungushe kamba mkononi!" nilimpigia kelele binti yangu kutoka nyuma ya boti. "Hapo hufungi ndama!"

Benedikta alicheka majini, miguu juu ya ubao wa kutelezea mawimbini, mikononi kashika kamba iliyofungwa kwenye boti. "Baba, ni mazoea ya ng'ombe!" Akaizongoa kutoka mkononi, akaishika kwa vidole tu.

Mama yake alizama ziwa hili hili la Basotu. Viongozi walituletea maturubai ya msiba, jaketi okozi hawajaleta mpaka leo. Hili alilovaa Benedikta ni la mgeni mwenye boti.

Ili boti itoe wimbi kubwa, viroba vya mchanga tulivipanga nyuma, upande mmoja. Boti ikainama, mgeni akaongeza mwendo kidogo, na wimbi likainuka laini kama nundu ya fahali. Benedikta akasimama.

Kazi yangu ilikuwa kumtazama. Akianguka ninyanyue mkono, mgeni azime injini. Hakuwa ameanguka, lakini mkono wangu ulishaanza kupanda wenyewe.

"Baba, shusha!" akaita. "Wimbi linanisukuma!"

Kweli, kamba ilikuwa imelegea. Akaitupa pembeni, akabaki juu ya maji bila kushika kitu.

Nikashusha mkono. "Mwendo huo huo," nikamwambia mgeni. "Usipunguze."