Pilipili ya Dada Nyamizi

Mashauri alipoachishwa kazi kiwandani, dada yake Nyamizi alimpakata, yaani alimwingiza kwenye bima yake ya matibabu, kama sheria ilivyoruhusu. Wakavaa bangili za bima zinazofanana. Ila wanaopakatana hutibiwa mmoja mmoja: bangili ya mgonjwa ikiwaka kijani, ya mwenzake huzimika, na hospitali haimfungulii mlango mpaka yule apone. Aliyepakatwa akikatisha dawa, anatolewa kwenye bima, na harudi hadi apate kazi.

Kidonda cha mguu kilimfanya Mashauri awe wa kwanza kufika hospitali. Sasa kilikuwa kinafunga taratibu, na dada alikuwa anakohoa jikoni wiki ya pili.

"Dada, hicho kifua vipi?"

"Nimekaanga pilipili, moshi umenipalia."

"Basi mimi niache dawa, uende wewe."

"Acha upuuzi. Ukikatwa mguu nani atakuajiri? Njoo ule."

Aliweka ugali na mlenda mezani, akakohoa tena, akaegemea ukuta hadi pumzi iliporudi.

Mashauri alimega tonge, akachovya. Mlenda ulikuwa na chumvi na karanga tu. Hata harufu ya pilipili haikuwemo. Nyamizi alikuwa anamtazama usoni, akisubiri. Bangili yake ilikuwa nyeusi mkononi. Ya Mashauri iliwaka vizuri, ikaitia sahani yote rangi ya kijani.

Alimeza.

"Leo umezidisha pilipili, dada," akasema, akaomba maji.