Pipa la Maji ya Harusi

Tangu shamba la maua lianze kuunyonya mto kwa mashine, visima vya mtaa vilikuwa vimekauka, na wageni wa harusi ya mwanawe Bi Tunu ingebidi wanywe maji ya boza, yaletwayo na lori la tangi. Pipa la kuyawekea alipewa na shamba hilohilo: la buluu, zuri, ila linanuka dawa ya wadudu. Alilisugua kwa majivu mara nne. Harufu ikakaa kitako kama mgeni aliyesikia pilau.

"Lifukize, wifi," alisema Sikudhani, dada wa mumewe. "Ubani umewahi kushinda hata miguu ya kaka yangu!"

Bi Tunu akacheka, akalifukiza kama mtungi wa bibi yake, akajaza maji. Yakanukia. Lakini yeye hakuyaonja.

Vigelegele vikafika mlangoni. Mama wa bibi harusi, koo limemkauka kwa vumbi, akaipokea kata kwa mikono miwili, akaimaliza.

"Maji matamu haya, mkwe! Niongeze."

Bi Tunu akainama kuchota, akaizuia kata juu ya pipa. Nyuki watatu walikuwa wakielea majini, hawatikisiki. Wa nne akatua ukingoni, akanywa, akakunja mbawa, akabaki palepale.