Wanja Unyayoni

Zamzam alimwambia mama mkwe wake, Bi Mwanaisha, kwamba daktari kakataza mtoto kupakwa wanja. Kisha akaenda jikoni na simu yake, akaacha kikamera kilichounganishwa nayo juu ya kitanda cha mtoto.

Bi Mwanaisha alikitazama kwa jicho baya. Bibi mzima analindwa kama mwizi? Akakipa mgongo, akatoa kichupa kifuani, akamvua mjukuu wake soksi amtie doa la kuzuia husuda unyayoni, pasipoonekana.

Doa lilikuwepo tayari. Aliligusa, likamchafua kidole.

"Mama," sauti ya Zamzam ikanong'ona kwenye kikamera, "mrudishie soksi. Mwanao anapanda ngazi."

Mlango ulipofunguka, Bi Mwanaisha alikuwa amekunja ngumi, kidole chenye wanja kimefichwa ndani.