Kola ya Karani wa Boma

Hakuna mtu Kasingirima nzima, pale Ujiji, aliyezijua koo za watu kama Bibi Hidaya. Mpaka babu wa saba, bila karatasi, huku anachambua dagaa. Wa kwake mwenyewe aliishia babu wa pili. Watano waliobaki aliwatunga jikoni, akisubiri mawese yachemke.

Siku ya posa uongo wa namna hiyo ulimfuata nyumbani, umevaa kanzu nne.

Mzee Hamdani Almasi alikuja na wanawe watatu kumposea mjukuu wake, Saidi. Walimtaka Hasna, mjukuu wa Bibi Hidaya. Sharti lao Ujiji yote ililijua: ukoo wa Almasi hauoi kwa watu wasio na jina. Jina lianzie kwa wale wa kwanza waliojenga boma na Mjerumani, na liwe safi kama kanzu ya Idi.

Bibi Hidaya alikuwa ameshawajibu kwa kifua mbele: babu yake, Feruzi, alikuwa nyapara mkuu wa boma.

Nyuma ya pazia Hasna alikuwa ametega sikio. Saidi alimpenda miaka mitatu sasa. Baba hana, mama hana. Wa kumsemea alikuwa bibi huyu peke yake, na ulimi wake ule.

Chakula kikatandikwa: ugali wa muhogo, samaki wa ziwani, migebuka, wameogelea kwenye mawese.

"Karibuni mkekani, wakwe zangu."

"Hatujawa wakwe bado," Mzee Hamdani akamsahihisha. Kisha akawageukia wanawe. "Haya."

Wanaume wanne wakanyanyuka vitini kwa mara moja, kama askari wa gwaride, kila mmoja mkono wa kushoto shingoni.

Jirani Scola, aliyekuja kusaidia kupakua, akacheka kwa pua. "Jamani! Nyote mmelalia shingo?"

"Ni adabu ya nyumba yetu, mama," Mzee Hamdani akasema. "Babu Almasi alikuwa karani wa boma. Shati lake lilikuwa na kola ngumu. Alikuwa hasimami mbele ya Bwana Mkubwa mpaka ameinyoosha, wala hasimami kabla ya makarani wenzake. Akatufundisha wote. Kwetu sisi mtu hanyanyuki peke yake."

"Na kanzu nayo ina kola?"

"Scola, lete maji ya kunawa," Bibi Hidaya akamkata. Yeye anayecheka hata msibani, safari hii hakucheka. Macho yake yalikuwa yamenasa kwenye ule mkono.

Wakala, wakashiba, wakarudi vitini. Faridi, mtoto wa mwisho wa Mzee Hamdani, akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa amekwenda mpaka Dar, huko zinakohifadhiwa karatasi za zamani, akarudi na kivuli cha ukurasa wa daftari la boma.

"Shikamoo tena, Bibi," akasema, kama mganga anayeficha sindano mgongoni.

"Marahaba. Choma tu."

"Kwenye manyapara, jina la Feruzi halimo. Lakini lipo kwingine." Akakohoa. "Wafungwa wa mnyororo, waliochimba njia ya reli. Wa nne: Feruzi bin Hamisi. Kaiba mbuzi wawili wa mlowezi, Mzungu wa shamba la Simbo. Miezi tisa."

Nyuma ya pazia kitu kikaanguka. Labda sinia, labda Hasna.

"Na wa tano ni nani?" Bibi Hidaya akauliza.

"Hapa chini pameliwa na mchwa, Bibi."

"Masikini. Mchwa hawana adabu."

Mzee Hamdani akaiweka fimbo yake magotini. "Bibi Hidaya, umetudanganya."

"Nimewadanganya," akakubali. "Na hilo daftari nalo limewadanganya. Mbuzi walikuwa watatu."

"Unafanya mzaha? Mtu mzima, unatutajia nyapara, kumbe mwizi! Sisi watu wa kalamu tukazae na watu wa mnyororo?"

"Hasna hajaiba hata kuku."

"Jina ni jina. Posa imekufa leo, na asiniletee mtu maneno tena." Akawatazama wanawe. "Haya."

Wote wanne wakanyanyuka kwa mara moja, mikono shingoni.

"Hapo hapo!" Bibi Hidaya akapaza sauti. "Msishushe mikono!"

Kwa mshangao tu, hawakuishusha.

Akasogea mpaka mbele ya Mzee Hamdani, akamtazama kwa chini kama anayekagua papai sokoni.

"Babu Feruzi alikufa mimi nina miaka kumi na miwili," akasema. "Mpaka siku anaingia kaburini, hakunyanyuka kitini bila kusema 'haya' na kushika shingo. Nikamuuliza, Babu, panauma? Akaniambia, hapaumi, mjukuu wangu, ni mazoea. Mnyororo mmoja watu wanane, kila mtu na pete yake ya chuma shingoni. Ukisimama peke yako unawanyonga saba. Basi mmoja anasema haya, mnashika pete, mnanyanyuka wote."

Pazia likafunguka kidogo, likatoka jicho moja la Hasna.

"Faridi, baba," Bibi Hidaya akasema kwa upole, "hebu kunjua hiyo karatasi hapo chini, tumsome wa tano. Mchwa wa Dar wamejifunza lini kukunja?"

Faridi hakuikunjua. Alimtazama baba yake, ambaye bado alikuwa anaitafuta kola kwenye kanzu.